Kifo cha Wengi, Harusi

Mazombi na mahaba ya shuleni, wapi na wapi? Katika manga za Kijapani vilikutana mwaka 2006, lakini kila kimoja kilifika kwa njia yake.

Zombi alitoka Haiti, akapitia Marekani. Mwaka 1968 George Romero alimvua uchawi wa kale katika filamu yake Night of the Living Dead, akampa njaa ya nyama ya watu. Miaka 10 baadaye, katika Dawn of the Dead, akawafungia manusura ndani ya jengo la maduka huko Monroeville, Pennsylvania. Japani karibu kila maiti huchomwa, kwa hiyo kaburini hakuna wa kufufuka. Huko zombi alishamiri hasa kwa mchezo wa video wa Capcom wa mwaka 1996, Resident Evil, akiwa mgonjwa wa virusi vilivyotoroka maabara.

Haremu, yaani kisa cha kijana mmoja kuzungukwa na wasichana wengi, ilikuwa ya nyumbani. Mwaka 1998 Ken Akamatsu aliipa umbo lililoigwa sana kwa Love Hina: kijana anayefeli mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Tokyo anajikuta msimamizi wa bweni la wasichana.

Waliovikutanisha ni Daisuke Satō, mwandishi wa riwaya za vita, na mchoraji Shōji Satō, kwa manga yao Highschool of the Dead iliyotoka katika jarida la Dragon Age. Ukitafakari, ndoa hiyo haishangazi: hadithi zote mbili hutaka watu wachache wafungiwe pamoja, wasiweze kuachana.

Usiku mmoja unatosha kuonyesha inavyofanya kazi. Mhusika mkuu, Takashi, na wenzake wamejificha katika nyumba ya askari polisi, rafiki wa nesi wa shule yao. Ndani ni kuoga, ulevi na utani. Nje, baba mwenye binti mdogo anabisha hodi kwa jirani, anasihi afunguliwe. Mlango unafunguliwa kidogo, na anachomwa kisu na walio hai. Kicheko cha dakika iliyopita kinakukwama kooni. Hapo mwandishi Satō alikuwa fundi kwelikweli. Kwingineko mchanganyiko unachacha: hawa ni wanafunzi wa sekondari, na kuwavua nguo kila baada ya kurasa chache ni karaha tupu, hakuna mzaha hapo.

Studio ya Madhouse iliifanya katuni ya televisheni mwaka 2010, chini ya Tetsurō Araki, ambaye baadaye aliongoza Attack on Titan. Mwaka 2015 China iliiweka kwenye orodha yake ya katuni zilizopigwa marufuku.

Daisuke Satō alifariki Machi 2017 akiwa na miaka 52, na manga yake ikabaki na juzuu 7 tu. Ukiamua kuzisoma, ujue mapema: janga halijaisha, na Takashi hajachagua mchumba.