Oili ya gia katika magari ya Nangwa na uwanda wa Hanang

Oili ya gia ni mafuta mazito yanayojazwa ndani ya giaboksi ya gari la gia za mkono ili meno ya gia yasisagane, joto lipungue na chuma kisishike kutu. Katika kata ya Nangwa, wilayani Hanang, mkoani Manyara, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, mnunuzi huiulizia dukani kwa namba moja tu: "tisini". Namba hiyo ni nusu ya jibu, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu ya pili ni daraja la GL, nalo ndilo linaloamua kama oili itailinda giaboksi au itaila.

Namba 90 hueleza mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka ikiwa na joto la nyuzi 100. Kipimo hiki cha SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari, kina ngazi yake yenyewe, tofauti na ngazi ya oili ya injini. Kwa hiyo oili ya gia namba 90 haina uzito maradufu ya oili ya injini namba 40, kama wengi wanavyodhani. Ukizipima zote mbili zikiwa moto, zinakaribiana sana. Pale palipoandikwa 75W-90 au 80W-90, sehemu yenye herufi W inahusu baridi. Daraja la 80W hupimwa katika nyuzi 26 chini ya sifuri, na 75W katika nyuzi 40 chini ya sifuri. Nangwa ipo chini ya mlima Hanang, wenye kimo cha takribani mita 3,420, na asubuhi za Juni na Julai dereva huvaa koti zito. Hata hivyo baridi hiyo haifiki popote karibu na vipimo hivyo. Oili ya 75W-90, ambayo mara nyingi ni ya sinthetiki na bei yake ni ya juu, hulainisha gia za alfajiri, lakini kitabu cha gari kikiruhusu 80W-90, hiyo inatosha kabisa. Fedha inayobaki ni afadhali itumike kubadilisha oili mapema.

Daraja la GL, linalotolewa na Taasisi ya Petroli ya Marekani (API), hueleza nguvu ya kemikali zilizochanganywa humo, hasa salfa na fosforasi. Kemikali hizi hutandaza utando juu ya chuma ili meno yasigusane yakibanwa kwa nguvu nyingi. GL-5 hubeba takribani mara mbili ya zile zilizomo katika GL-4, na ilikusudiwa difu, ambako jino la pinioni husuguana na krauni huku likiteleza chini ya mzigo mkubwa. Giaboksi ina jambo jingine ndani yake: ringi za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Ringi hizo hufanya kazi kwa kusuguana. Oili inayoteleza kupita kiasi huzinyima mshiko, gia ikaanza kugoma au kulia inapoingizwa. Na baadhi ya GL-5, zikipata joto kwa muda mrefu, salfa yake hula shaba yenyewe.

Kosa kubwa huanzia kwenye dumu. Mwenye pikapu hununua dumu moja la GL-5, fundi akajaza difu, kisha mabaki yakamiminwa kwenye giaboksi kwa kuwa yote ni "tisini". Difu imepata haki yake. Giaboksi huenda imepata sumu ya polepole, na dalili zitaonekana baada ya miezi, wakati hakuna tena anayekumbuka dumu lile. Kufanya kinyume ni kubaya vilevile, kwani GL-4 ndani ya difu haihimili mzigo wake. Si magari yote yaliyo dhaifu kiasi hicho: vitabu vya baadhi ya pikapu na Land Cruiser za Toyota huruhusu GL-4 au GL-5 katika giaboksi, na viwanda vingine hutengeneza oili yenye alama zote mbili. Kitabu kikiwa kimepotea, kama ilivyo kwa magari mengi yaliyoingizwa nchini yakiwa yametumika, GL-4 kwenye giaboksi na GL-5 kwenye difu ndiyo kanuni salama zaidi kwa pikapu na malori madogo.

Kanuni hiyo haivihusu vyombo vyote. Pikipiki za bodaboda kama Boxer hazina oili ya gia ya peke yake. Injini, klachi na gia huoga katika oili moja, ambayo inapaswa kuwa na alama ya JASO MA ili klachi isiteleze. Land Rover zenye giaboksi ya R380 hutumia oili nyepesi zaidi, na "tisini" huzifanya gia zake kuwa nzito asubuhi. Matrekta ni suala jingine tena, na Hanang ni wilaya ya matrekta tangu shirika la umma la kilimo, NAFCO, lilipofungua mashamba ya ngano ya Basotu kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970. Katika Massey Ferguson nyingi, gia, difu na haidroliki hutumia oili moja, hivyo huhitaji oili maalumu ya matrekta. Kuitia oili ya gia ya gari ni kuidhulumu pampu ya haidroliki.

Mazingira ya hapa hufupisha maisha ya oili yoyote. Fuso iliyojaa mahindi ikipanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Dareda kwenda Dongobesh na Mbulu hukaa muda mrefu kwenye gia ndogo, na ikishuka huzuiwa kwa gia hizo hizo, na joto hupanda. Masika huleta tope jeusi na vijito vinavyokatisha njia. Maji hupenya kupitia kipumulio au sili iliyochoka, na oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Gari lililosimama ndani ya maji ya mafuriko, mfano wa yale yaliyoshuka na tope Katesh tarehe 3 Desemba 2023, limwagwe oili ya giaboksi na difu kabla ya kuendeshwa. Kwa matumizi ya kawaida vitabu vingi hutaja kati ya kilomita 40,000 na 80,000. Kwa gari la mizigo na tope, idadi ndogo ndiyo ya kufuata.

Oili hubadilishwa gari likiwa limesimama mahali tambarare na giaboksi ingali na joto. Nati ya kujazia hufunguliwa kwanza, kwa sababu ikigoma baada ya oili kumwagwa, gari haliondoki. Hujazwa hadi oili ifike ukingo wa chini wa tundu, kiasi ambacho kwa pikapu nyingi ni kati ya lita 2 na 4. Vumbi laini la shaba kwenye oili iliyotoka ni la uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole maana yake giaboksi inahitaji kufunguliwa, na hakuna oili itakayoitibu.