Alama ya Mshangao Ndani ya Kihariri

Wengi wenu mnaijua orodha yetu ya rambirambi. Huku ughaibuni msiba ukitokea, jirani haji kubisha hodi na sufuria mkononi. Kinachoanza kazi ni simu, na baada ya simu, orodha: jina, mji, kiasi. Usiku mmoja tulikaa na orodha ya majina mia moja na kitu, maiti ikisubiri kusafirishwa nyumbani, na mweka hazina wetu akaitaka ipangwe kwa alfabeti kabla ya asubuhi. Tuliifungua katika vi, kihariri cha kale ambacho mmoja wetu hakubali kukiacha, tukaandika amri fupi: `:%!sort`. Maana yake ni hii: chukua mistari yote, ipeleke kwenye programu ya kupanga, kisha weka jibu pale pale ilipokuwa. Basi ndivyo tulivyokusudia. Kwa haraka vidole viliandika `srot`. Orodha yote ikatoweka, na mahali pake ukabaki mstari mmoja tu wa Kiingereza ukisema amri hiyo haipatikani.

Tutarudi kwenye orodha. Kwanza tulijibu swali alilouliza mweka hazina akiwa ameshika kichwa: ni nani aliyeona busara kukipa kihariri, chombo cha kuandikia tu, uwezo wa kuziita programu nyingine za kompyuta na kuwakabidhi maandishi yetu?

Jibu linaanzia Murray Hill, jimbo la New Jersey, katika maabara za Bell, mwaka 1969. Kiangazi cha mwaka huo Ken Thompson alibaki peke yake nyumbani kwa wiki tatu, mkewe akiwa amempeleka mtoto wao mchanga California kuwaona jamaa. Thompson alikuwa na kompyuta ndogo ya PDP-7 na mwanzo wa mfumo uliokuja kuitwa Unix. Alichokosa alikigawia wiki, moja kwa kila kazi, na kihariri kilikuwa miongoni mwa kazi hizo. Ndicho kilichoitwa ed. Karibu nacho ilikuwepo sheli (si kituo cha petroli, ndugu zetu wa Dar na Nairobi!), yaani programu inayosikiliza amri unazoandika na kuziita programu nyingine zikatende.

Ili kuielewa ed, msahau kioo cha kompyuta. Mtu alikaa mbele ya teletype, mashine ya kuchapa iliyounganishwa kwa waya, na majibu yalitoka kwenye karatasi. Teletype Model 33, iliyoenea sana siku zile, ilichapa herufi 10 kwa sekunde. Ukiomba ukurasa mzima unaweza kwenda kunywa chai. Ndiyo maana ed haikuwa na maneno mengi: ukikosea ilikujibu kwa alama moja tu ya kuuliza, `?`, nawe ujue mwenyewe umekosea wapi. Wapo waliochukia ukimya huo. Sisi tunaona ulikuwa adabu ya mtu anayejua gharama ya kila herufi.

Sasa fikirini, uko katikati ya barua na unataka kujua tarehe, au jina kamili la faili fulani. Hapakuwa na dirisha la pili. Ungelazimika kuhifadhi, kutoka, kuuliza sheli, kurudi, na kutafuta tena mstari uliokuwepo. Dawa ilikuwa alama ya mshangao. Mstari ulioanza kwa `!` ed haikuusoma yenyewe. Iliupitisha kwa sheli, ikangoja kazi iishe, ikachapa `!` nyingine kukuarifu, nawe ukaendelea pale pale. Ilikuwa kama kumtuma mtoto dukani bila kuinuka kitini.

Lakini mtoto huyo alikwenda mikono mitupu. Hakubeba maandishi yako wala hakurudi na kitu cha kutia ndani yake. Kilichobadilisha mambo ni wazo la Doug McIlroy, aliyekuwa ameandika tangu 1964 kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, inayotoka huku iingie kule. Mwaka 1973 Thompson aliliingiza katika Unix kwa kazi ya usiku mmoja. Kuanzia hapo waandishi wa programu pale maabara wakapata desturi ya kuandika vichujio: programu ndogo inayopokea maandishi upande mmoja, ikayatengeneza, ikayatoa upande wa pili. Kupanga, kuhesabu, kutafuta. Hata grep, ambayo wengi huitumia kila siku, ilizaliwa kutoka ed. Jina lake ni amri ya ed yenyewe, `g/re/p`, iliyotolewa nje ikasimama kwa miguu yake.

Hatua iliyofuata inawahusu wasomaji wetu wa London, hasa wanaopita Mile End. Pale Queen Mary College, George Coulouris aliibadilisha ed ili mtu aone kwenye kioo mstari anaouhariri. Aliiita em. Mwaka 1976 alikwenda nayo Berkeley, California, na mwanafunzi mmoja, Bill Joy, akaiona. Joy na mwenzake Chuck Haley wakaanza kuifanyia kazi, ikatokea ex, iliyosambazwa mwaka 1978, na baadaye sura yake ya kioo, vi. Joy alifanya kazi akiwa nyumbani kwa modemu ya kasi ya 300, herufi kama 30 tu kwa sekunde, kwa hiyo amri zake ni fupi kama za mtu anayelipia simu kwa dakika.

Na hapo ndipo `!` ilipopewa mzigo. Mkiitanguliza na idadi ya mistari, mistari hiyo hupelekwa kwenye programu na jibu hukaa mahali pake. `!}fmt` hunyoosha aya moja. `:r !date` huleta tarehe na kuiandika chini ya mstari ulipo. `:w !wc` hupeleka maandishi yakahesabiwe bila kuyagusa. Angalieni ile nafasi kabla ya alama! Mkiandika `:w! wc`, mtakuwa mmeagiza kulazimisha kuhifadhi katika faili linaloitwa wc.

Watu wa Emacs, iliyoanzia MIT mwaka 1976, walikwenda mbali zaidi: waliiingiza sheli nzima ndani ya kihariri. Ugomvi wa kambi hizo mbili tunauacha, maana jarida hili lina kurasa chache.

Hatari ilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1980 hivi, huko Buffalo, New York, iliandikwa sudo, programu inayomruhusu mtu kutumia amri fulani kwa mamlaka ya msimamizi. Mkimruhusu kijana ahariri faili moja kwa vi, yeye huandika `:!sh` na mara anakuwa msimamizi wa mashine yote. Umempa mgeni ufunguo wa ukumbi, kumbe ukumbini kuna mlango wa chumba cha kulala. Baadaye ikaja sudoedit, ambayo humpa nakala aihariri kwa mamlaka yake mwenyewe, kisha ndiyo irudishwe.

Mrithi wa vi aliyeenea kuliko wote ni Vim, ya Mholanzi Bram Moolenaar, iliyotolewa 1991. Kwa miaka mingi ukiifungua bila faili iliomba msaada kwa ajili ya watoto wa Uganda. Moolenaar alikuwa amejitolea Kibaale, wilaya ya Rakai, mwaka 1994, katika eneo lililopoteza wazazi wengi kwa UKIMWI, na badala ya malipo ya programu yake aliomba watu wawachangie watoto wale. Alifariki Agosti 2023. Tangu toleo la 8.1, mwaka 2018, Vim nayo inafungua sheli kamili katika dirisha lake, lakini `!` bado ipo.

Na orodha? Herufi moja, `u`, ikairudisha yote. Mwenzetu mmoja alinyosha kidole aibonyeze tena kwa uhakika, tukamshika mkono: vi ya kale inakumbuka hatua moja tu, na `u` ya pili ingefuta ile ya kwanza. Tukatengeneza nakala, tukaandika `sort` herufi kwa herufi, tukamtumia mweka hazina saa tisa za usiku. Asubuhi alipiga simu. Hakuna jina lililopotea wala kiasi kilichobadilika, alisema, ila anaomba kuuliza ni kwa nini akina Bi wote wametangulia na kila aliyeandikwa Mzee amesukumwa mwisho.