Tarehe 7 Aprili katika juma la Pasaka

Kila tarehe 7 Aprili shule na ofisi za serikali nchini hufungwa. Ni Siku ya Karume. Hapa Kiloleli wengi wetu hatupumziki, maana pamba bado iko shambani na wadudu hawajui sikukuu. Lakini tarehe hiyo imebeba mambo mazito kuliko tunavyodhani, na sisi tuliobatizwa yanatuhusu.

Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi jioni ya Ijumaa, 7 Aprili 1972, akicheza bao na wenzake katika makao makuu ya chama cha ASP, Kisiwandui. Wapo wanaomkumbuka kwa ekari tatu tatu walizogawiwa wakulima. Wapo pia ambao ndugu zao walichukuliwa wakati wa utawala wake wasirudi tena. Yote mawili ni kweli. Pasaka mwaka ule ilikuwa tarehe 2 Aprili, hivyo Wakristo wa Bara walipokea habari ile wakiwa bado katika juma la Ufufuko.

Miaka 22 baadaye Pasaka iliangukia tarehe 3 Aprili. Jumatano jioni, tarehe 6, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa Kigali, akirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam. Alhamisi, 7 Aprili 1994, mauaji yakaanza. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa asubuhi hiyo. Siku hiyo hiyo, katika nyumba ya mafungo ya Wajesuiti pale Remera, waliuawa watu 17, wakiwamo mapadre na wasichana waliokuwa mafungoni. Kwa siku mia moja hivi, watu zaidi ya 800,000 waliuawa.

Tukae kidogo hapa. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo. Jumapili ile ya Pasaka waliokuja kuua na waliokuja kuuawa walikaa kwenye mabenchi yale yale, wakapeana amani. Ilipofika katikati ya Aprili, maelfu walikimbilia kanisa la Nyarubuye, karibu na mpaka wetu, wakiamini hakuna atakayethubutu kumwaga damu humo. Waliuawa humo. Padre mmoja, Athanase Seromba wa parokia ya Nyange, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha, kwa sababu kanisa lake lilibomolewa kwa tingatinga watu wakiwa ndani.

Mwaka ule mto Kagera ulileta maiti hadi Ziwa Viktoria, na Uganda watu wakaogopa kula samaki. Mto wetu Simiyu nao unamwaga maji yake katika ziwa hilo hilo. Mwisho wa Aprili watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa siku moja tu, wenye hofu wakiwa wamechanganyika na wenye damu mikononi.

Wanyarwanda huanza maombolezo yao kila tarehe 7 Aprili, siku ambayo sisi tunamkumbuka Karume. Na kuna jambo la tatu. Tarehe hiyo ni Siku ya Afya Duniani, kwa kuwa katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika 7 Aprili 1948. Hakuna aliyepanga tarehe hizi zigongane. Ila zikishagongana, tunaweza kuzisoma pamoja.

Tukizisoma hapa Usukumani, hatuwezi kusema Rwanda ni mbali. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga katika mikoa yetu, wakisingiziwa uchawi. Wanaowaua hawatoki ng'ambo. Ni majirani, wakati mwingine watoto wa kuzaa, na wengine majina yao yamo katika vitabu vya ubatizo. Mtoto akifa kwa homa, familia inakwenda kwenye ramli chonganishi badala ya zahanati, na mpiga ramli anamtaja bibi mwenye macho mekundu. Macho yale ni ya mwanamke aliyepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha.