Umilikaji wa Vyombo vya Habari: Mfano wa Tanga na Pwani ya Kaskazini

Utangulizi

Mara nyingi historia ya vyombo vya habari huelezwa kama historia ya mitambo. Husemwa kwamba mwaka fulani uliletwa mtambo wa kupiga chapa, mwaka fulani ikaanza redio, na mwaka mwingine ikafika televisheni. Maelezo ya namna hiyo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Mtambo hauandiki wala hausemi. Husema yule aliye nao. Kwa hiyo swali la msingi kwa mtu anayechunguza utamaduni wa taifa ni hili: ni nani mwenye chombo, ni nani anayegharimia karatasi na wino, na ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya lipi litoke na lipi lifichwe?

Makala haya yanalifuata swali hilo kwa kutazama Tanga na pwani yake, kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi zama zetu. Tanga haikupata kuwa makao makuu ya nchi, wala leo si kitovu cha magazeti. Hata hivyo, hapa ndipo baadhi ya magazeti ya kwanza ya Kiswahili katika Tanzania Bara yalipochapwa. Mtu wa Makorora, Ngamiani au Chumbageni amekuwa msomaji na msikilizaji kwa vizazi vingi. Lakini ni mara chache sana yeye mwenyewe, au mwenzake wa mji huohuo, amekuwa mwenye gazeti au mwenye redio.

Habari kabla ya mtambo

Ni kosa kudhani kwamba watu wa pwani hawakuwa na njia ya kupashana habari za mambo makubwa kabla ya kuja kwa wageni. Barua ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, misafara na majahazi ilichukua taarifa kutoka bandari hadi bandari, na utenzi ulihifadhi matukio ya zama zake. Mfano ulio bora ni utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, mwaka 1307 wa Hijra. Vita hivyo ndivyo vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani, ambaye Wajerumani walimnyonga Desemba 1889. Mshairi alieleza vita kwa jicho la wenyeji, wakati ambapo taarifa zilizopelekwa Ulaya ziliandikwa na maofisa wa washindi.

Utenzi kama huo ulinakiliwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti mbele ya watu. Aliyetaka nakala aliomba, akanakili. Udhaifu wa njia hii ni dhahiri: nakala zilikuwa chache, na habari zilikwenda polepole. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo magazeti yaliyofuata hayakuwa nayo, nayo ni kwamba hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kuyafunga mabaraza yote kwa siku moja.

Gazeti la misheni, la dola na la walowezi

Gazeti la Kiswahili lililochapwa liliingia kwa mlango wa dini. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilitoa Msimulizi kule Unguja kuanzia mwaka 1888, na katikati ya miaka ya 1890 ikatoa Habari za Mwezi kutoka Magila, katika nchi ya Wabondei, si mbali na mji wa Tanga. Waandishi wengi walikuwa walimu na wanafunzi wa Kiafrika. Waliandika habari za shule, safari, mvua, njaa na maradhi. Mwenye chombo alikuwa misheni, na madhumuni yake yalikuwa kueneza Ukristo na kuwaunganisha waumini wake.

Baadaye serikali ya Kijerumani nayo ikaingia. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa katika miaka ya 1890, ndiyo iliyowaandaa makarani, walimu na wakalimani wa utawala. Kutoka katika shule hiyo lilitokea gazeti la Kiongozi, ambalo kufikia mwaka 1905 lilikuwa limekwisha kuanza safari yake. Lilitoka kila mwezi kwa Kiswahili, na lilipata barua kutoka sehemu nyingi za koloni. Karani wa bara, mwalimu wa pwani na akida wa kijiji cha mbali waliweza kukutana katika kurasa zake.

Faida ya Kiongozi kwa lugha yetu ilikuwa kubwa. Gazeti hili liliwazoeza wasomaji kuandika Kiswahili kwa hati za Kilatini, na liliwafanya watu wa makabila mbalimbali wazungumze juu ya mambo ya nchi kwa lugha moja. Lakini tusisahau jina lake. Aliyekuwa akiongoza alikuwa dola ya kikoloni. Wakati wa Vita vya Maji Maji, kuanzia 1905 hadi 1907, gazeti lililowekwa na serikali halikuweza kuwa sauti ya waliokuwa wakipigana na serikali hiyo. Waafrika walishika kalamu, na mkono ulioishika kalamu ulikuwa katika mshahara wa Mjerumani.

Wakati huohuo walowezi wa mashamba ya mkonge na mpira walikuwa na gazeti lao, Usambara-Post, lililoandikwa kwa Kijerumani. Nalo lilitetea matakwa yao juu ya ardhi na juu ya vibarua. Kwa hiyo, katika eneo hilohilo la Tanga na Usambara, wenye mashamba walikuwa na gazeti la kuwasemea, na wafanyakazi wa mashamba hayo hawakuwa nalo. Vita Kuu ya Kwanza, ambayo ililetwa hadi mji wa Tanga kwa mapigano ya Novemba 1914, ilikomesha yote mawili. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916.

Chapa yahamia Dar es Salaam

Chini ya Waingereza, nguvu za chapa zilihamia makao makuu. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ilianza kutoa Mambo Leo kutoka Dar es Salaam. Gazeti hilo lilisomwa sana, na lilifungulia mlango mashairi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga, alikuwa miongoni mwa waliofaidi mlango huo. Serikali ilijua thamani ya ushairi katika kuvuta wasomaji. Ilijua vilevile thamani ya kubaki mhariri.

Watu wa Tanga hawakukaa kimya. Mwaka 1922 makarani na walimu, wakiongozwa na Martin Kayamba, waliunda mjini hapa chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, ambacho ni miongoni mwa mizizi ya vyama vya kisiasa vilivyofuata. Walikuwa na elimu na walikuwa na jambo la kusema. Walichokosa ni mtaji wa kuendesha gazeti la kulisemea.

Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 1937, pale Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa mfanyabiashara Dar es Salaam, alipoanzisha Kwetu. Hilo ndilo lililokuwa gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Kwa upande mwingine, Tanganyika Standard, lililoanza mwaka 1930, lilikuwa mali ya kampuni ya East African Standard ya Nairobi, na liliwatumikia wafanyabiashara na watawala. Kwetu lilitegemea wasomaji waliolipwa mishahara midogo, na Standard lilikuwa na matangazo ya makampuni. Tofauti ya mifuko ilikuwa tofauti ya sauti.

Harakati za Uhuru zilibadili mambo. Mwaka 1957 TANU ilianza kutoa Sauti ya TANU, ambayo ilikuwa karatasi chache tu, na mhariri wake alikuwa Julius Nyerere. Mwaka uliofuata Mwalimu alishtakiwa kwa makala aliyoandika kuwashutumu wakuu wa wilaya wawili, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walihukumiwa kwa uchochezi. Wakoloni walionyesha hivyo kwamba kumiliki chombo hakutoshi ikiwa sheria iko mikononi mwa mwingine.

Redio nayo ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mawimbi yake hayakupita peke yake katika anga ya pwani ya kaskazini. Kulikuwa na Sauti ya Mvita kutoka Mombasa, matangazo ya Kiswahili ya Kairo yaliyoanza mwaka 1954, na yale ya BBC kutoka London mwaka 1957. Msikilizaji wa Tanga aliweza kulinganisha.

Chombo cha umma

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, chama kilikuwa na Uhuru kwa Kiswahili, na kuanzia 1964 The Nationalist kwa Kiingereza. Mwaka 1965 redio iliwekwa chini ya serikali moja kwa moja, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Ilikuwa vigumu kueleza kwa nini mabenki yataifishwe na gazeti kubwa libaki mali ya kampuni ya kigeni. Tarehe 5 Februari 1970 Standard lilitaifishwa.

Mwalimu Nyerere alitamka kwamba gazeti litaunga mkono ujamaa, lakini litakuwa na uhuru wa kukosoa utekelezaji wake. Mhariri wa kwanza alikuwa Frene Ginwala, mpigania uhuru kutoka Afrika Kusini. Ahadi hiyo ilipata mtihani mapema. Mwaka 1971 gazeti lilishutumu mauaji yaliyofanywa na utawala wa Nimeiry nchini Sudan, na Ginwala akaondolewa. Mwaka 1972 Standard na The Nationalist yakaunganishwa kuwa Daily News. Gazeti la binafsi la Ngurumo, lililoanzishwa mwaka 1959 na Randhir Thaker na kupendwa na watu wa kipato cha chini, lilikoma mwaka 1976. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Magazeti, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti.

Haki inataka tupime pande zote mbili. Redio ya umma ilifanya kazi ambayo mfanyabiashara asingeifanya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kujadili na kuchimba vyoo. Redio hiyohiyo iliwapa wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika sauti ambayo serikali za kwao ziliwanyima. Elimu ya watu wazima ilipata nguvu, na kwa hesabu za serikali, watu wazima waliojua kusoma walifikia takriban asilimia 90 katikati ya miaka ya 1980.

Lakini umma uliokuwa mwenye chombo kwa jina haukuwa na njia rahisi ya kukitumia. Wakati mamilioni ya watu walipohamishiwa vijijini, hasa kati ya 1973 na 1976, taabu za waliohamishwa hazikupata kurasa zilizolingana na uzito wake. Mwananchi alifundishwa kusoma, kisha akapewa gazeti ambalo mara nyingi lilimweleza yale ambayo viongozi walikwisha kuamua.

Muziki wa Tanga unaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa sanaa. Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star viliupa mji huu jina katika Afrika Mashariki yote. Sauti ya Shakila Said ilijulikana hata kwa watu ambao hawakupata kuiona Tanga. Bila redio, umaarufu huo usingewezekana. Hata hivyo nyimbo zilirekodiwa Dar es Salaam au na makampuni ya Kenya, na mkanda ukabaki kwa aliyerekodi. Msanii alibaki na sifa. Mali ilikaa kwingine.

Soko na sauti ya mtaa

Tangu mwisho wa miaka ya 1980 magazeti binafsi yalirudi, na baada ya mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua anga. ITV ilianza mwaka 1994 chini ya kampuni za Reginald Mengi. Hadi wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Sheria ya mwaka 1976 ilifutwa mwaka 2016, na iliyochukua nafasi yake nayo imelalamikiwa na wanahabari.

Wingi wa vyombo ni jambo jema, lakini wingi si usawa. Makampuni makubwa mengi yako Dar es Salaam, na hutegemea matangazo ya biashara na ya serikali. Habari ya kata moja ya Tanga hutajwa pakitokea ajali au mafuriko. Ndiyo maana redio za jamii, kama Pangani FM ng'ambo ya kusini ya pwani hii, zina maana kubwa kuliko nguvu ya mitambo yake. Mvuvi na mwanakijiji wa Pangani husikia humo mambo ya kijiji chake yakijadiliwa na watu anaowajua.

Hitimisho

Tumeona wamiliki wa namna nyingi: misheni, dola ya kikoloni, mlowezi, kampuni, chama, serikali na tajiri. Kila mmoja alidai kuwa anawasemea watu, na kila mmoja aliacha faida fulani katika lugha na elimu yetu. Hakuna hata mmoja aliyeutosheleza umma kwa umilikaji peke yake. Funzo ni kwamba kubadili mwenye chombo ni hatua moja tu. Inabidi pia wananchi wapate nafasi ya kuandika, kujibu na kukosoa, na sheria iwalinde wanapofanya hivyo. Shule ya Tanga ilipata waandishi wa Kiafrika zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mji uliotoa waandishi hao, na Shaaban Robert baada yao, haupungukiwi na watu wenye jambo la kusema. Unachodai ni chombo ambacho kitalisema bila kuomba ruhusa ya mtu aliye mbali.