Kiingilio: kutoka kihambani hadi vipande kumi

Kila ninapokutana na vijana wenzangu hapa Moshi na mazungumzo yakaangukia pesa, swali la kwanza ni lile lile: "Hivi kujiunga na mifuko ya UTT, kiwango cha chini ni shilingi ngapi?" Faida inaulizwa baadaye. Hasara haiulizwi kabisa! Kwanza mtu anataka kujua kama mlango unampitisha.

Wala si swali la kitoto. Mlima huu una historia ndefu ya watu kuunganisha nguvu ili wapate mali, na kila mara kulikuwa na kiingilio. Mara nyingine kiliandikwa kwa shilingi. Mara nyingine hakikuandikwa popote, lakini kilikuwepo, na kila mtu alikijua.

Tuanze na kahawa, maana huku kwetu huwezi kuanza na kitu kingine. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mtawala wao wa wilaya ya Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga nao wailime. Walowezi wa Kizungu hawakupenda hata kidogo. Walimtaka Mchagga kama kibarua, si kama mshindani sokoni. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya ushirika, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ambayo jengo lake bado liko hapo mjini.

Tukiacha majina, walichofanya wazee wale ni nini hasa? Mwenye miche michache ya kahawa hana ubavu wa kubishana bei na mnunuzi mkubwa. Lakini kahawa ya wengi ikikusanywa na kuuzwa pamoja, mwenye gunia moja anasimama sokoni na mwenye magunia mia. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja nao unafanya hivyo hivyo, ila unakusanya pesa badala ya kahawa.

Kutoka, hata hivyo, hakukuwa rahisi. Utaratibu ukawekwa kwamba kahawa yote ya Wachagga iuzwe kupitia KNCU, upende usipende. Bei zilipokuwa mbaya miaka ya 1930 watu wakachoka, na mwaka 1937 ghasia zikazuka mlimani.

Sasa tuje kwenye kiingilio. Ili uwe mwanachama ulihitaji kahawa. Ili uwe na kahawa ulihitaji kihamba. Na kihamba, kwa mila zetu, kilitoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Binti aliolewa akaenda kuhudumia kihamba cha mumewe. Alipalilia, alichuma, alibeba kikapu kichwani mpaka kwenye chama cha msingi, lakini malipo yalitoka kwa jina la mwenye kihamba. Chake yeye kilikuwa ndizi na maziwa, vya kupeleka sokoni Mwika au Kiboriloni, na pesa hiyo ilikwisha kwenye chumvi, mafuta ya taa na madaftari ya watoto.

Kwa hiyo tunaposema kwa fahari kwamba ushirika wa Kilimanjaro ulikuwa wa watu wadogo, na ni kweli ulikuwa, tukumbuke kwamba nusu ya watu hao wadogo walibaki nje ya daftari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwatambulia wanawake haki sawa katika ardhi. Ila sheria ikishaandikwa Dodoma, mpaka ifike kwenye kikao cha ukoo ni safari nyingine.

Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na KNCU ikaanza tena mwaka 1984. Lakini bei ya kahawa haikuwa na huruma, na watu wengi waling'oa mibuni wakapanda nyanya na migomba. Kiingilio cha zamani kikawa kinakuingiza mahali ambapo hapana kitu.

Wakati huo mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na swali likawa mwananchi wa kawaida atanunuaje. Ndipo serikali ikaanzisha Unit Trust of Tanzania mwaka 2003, na mwaka 2005 ukazinduliwa Mfuko wa Umoja. Pesa za watu zinakusanywa, wataalamu wananunua hisa na hatifungani, na wewe unamiliki vipande. Kipande kilianza kwa shilingi 70.

Jina hilo la Umoja lina mwenzake wa mbali. Mwaka 1774 huko Amsterdam, mfanyabiashara Abraham van Ketwich alianzisha mfuko unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hii duniani, akauita "Umoja ni nguvu" kwa Kidachi. Lakini kipande kimoja cha kwake kiliuzwa gilda 500, pesa ambayo kibarua wa bandarini asingeiota. Mfuko wa kwanza wa London, mwaka 1868, ulisema ni kwa watu wa kipato cha wastani, na cheti chake kiliuzwa pauni 85. Umoja wao ulikuwa na mlango mrefu!

Wa kwetu masharti yake ni vipande 10. Angalia lakini: kiwango kikihesabiwa kwa vipande badala ya shilingi, kinapanda chenyewe. Kipande kimeshapita shilingi 1,000, kwa hiyo vipande 10 ni zaidi ya shilingi 10,000. Mifuko mingine ilikuja na milango yake. Mfuko wa Watoto wa 2008 unaanzia shilingi 10,000, Mfuko wa Ukwasi wa 2013 shilingi 100,000, na ule wa Hatifungani wa 2019 shilingi 50,000. Ila ukitaka Hatifungani ikulipe gawio kila mwezi, weka milioni 10. Unaona? Sebuleni wanaingia wote, chumbani wanaingia wachache.

Sasa akaunti inafunguliwa kwa simu, na jambo hili limebadilisha mengi huku mlimani. Lakini tupige hesabu kidogo. Tuseme makato ya kutuma ni shilingi 500. Ukinunua vipande vya 10,000, asilimia 5 imeliwa kabla hata ya kuanza. Ukikusanya hadi 100,000 ndipo utume, ni nusu asilimia tu. Kiwango cha chini kinakuruhusu kuingia kidogo kidogo, hakikulazimishi. Na thamani ya kipande hushuka pia, si kupanda tu, kama wazee wetu walivyojua kwenye kahawa.

Pamoja na hayo yote, mimi naona kuna jambo kubwa limetokea bila ngoma wala vigelegele. Mama muuza ndizi wa Kiboriloni, ambaye kwa miaka karibu mia moja alibeba kahawa iliyoandikwa jina la mtu mwingine, anaweza kumiliki vipande 10 kwa kitambulisho chake na simu yake. Haulizwi kihamba ni cha nani. Haulizwi baba mkwe anasemaje.

Basi ukimaliza kusoma, usiishie kuuliza kiwango cha chini ni shilingi ngapi. Uliza na nyumbani kwenu: vile vipande mlivyonunua kwa pesa ya ndizi, vimeandikwa jina la nani?