Mlango wa Kutu Uko Chini ya Jani



Huenda mwanao anayesoma sekondari, Vwawa au Tunduma, amekuletea habari za hadubini. Eti walibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, wakaitia tone la aidini, wakaona vyumba vimepangana kama matofali ukutani. Usimcheke. Vyumba hivyo ndizo seli, na mmea wako wote umejengwa kwa seli. Mwingereza Robert Hooke aliandika habari zake mwaka 1665, baada ya kutazama gome la mti unaotoa vizibo vya chupa.

Sasa sikiliza hadubini ilivyofika kwenye kahawa. Kisiwa cha Ceylon, siku hizi Sri Lanka, kilikuwa na mashamba makubwa ya kahawa. Mwaka 1869 ugonjwa mpya ukaandikwa huko: chini ya majani madoa ya rangi ya chungwa, yenye unga. Ni kutu ya majani, hii hii tunayoijua Mbozi. Wenye mashamba wakabishana juu ya chanzo chake, na huku majani yanapukutika.

Mwaka 1880 akapelekwa kijana mmoja, Harry Marshall Ward, na hadubini yake. Akautia unga ule kwenye tone la maji juu ya jani, akatazama. Kumbe ni mbegu za ukungu! Mbegu ikipata maji hutoa kijizizi, kijizizi hutambaa mpaka kikute tundu ambalo jani hupumulia, basi huingia na kuzinyonya seli za ndani. Na matundu hayo, ndugu mkulima, kwenye jani la mbuni yako upande wa chini tu. Juu hakuna hata moja.

Wale wa Ceylon walikuwa wamechelewa. Waliacha kahawa, wakapanda chai.

Mwaka 1885 Wafaransa walitangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa kwa mizabibu yao, na dawa za mrututu zikaja kutumika hata kwenye kahawa. Dawa hizi huua mbegu ya ukungu ingali nje. Ikishaingia ndani ya jani, haziifuati. Basi mwenye kupitisha bomba juu juu, majani yakang'aa, amelinda upande usio na mlango. Ingiza ncha ya bomba chini ya matawi, ielekeze juu, na uanze kabla madoa hayajatapakaa.

Kama mibuni yako imezeeka, fika Mbimba, kituo cha utafiti wa kahawa hapo hapo Mbozi, uulizie miche inayostahimili kutu na chulebuni.