PS2 Ilikataa Kuzikwa

Wanaohesabu vizazi vya konsoli huangalia tarehe ya kuzaliwa: Dreamcast ilifungua cha sita Japani, Novemba 1998, Xbox 360 ikafungua cha saba, 2005. Kwa karatasi iko sawa. Lakini PlayStation 2, mtoto wa Machi 2000, iliundwa hadi mwanzoni mwa 2013, na Novemba hiyo ikapata PES 2014, mwezi uleule PS4 ilipoanza kuuzwa Marekani. Sasa hiyo tuiweke kizazi gani, bana? (Biti nazo tuachane nazo: Jaguar ya Atari ilijiita 64 na ubishi haujaisha.) Mimi nahesabu kwa gemu mpya ya mwisho. Ukisema kizazi cha sita kiliisha 2005, unamfuta aliyenunua PES ya msimu huohuo na mwenye PS3.